Kijani kilichotudanganya Tunguu

Masika ile, katika maabara moja ya Tunguu, Unguja, kilikuwa kinatengenezwa kidude cha kupimia maji ya visima. Maji na dawa viingie kwenye mfereji mwembamba, vikutane, vitoke vimechanganyika barabara. Mfereji, wenye umbo la Y, ulikuwa na upana wa milimita 1 na kina cha 0.1. Fundi wa stika wa Darajani aliukata kwenye selotepu ya pande mbili, nasi tukaubana kati ya kioo cha hadubini na plastiki angavu.

Tukasukuma maikrolita 30 kwa dakika, njano huku, buluu kule. Rangi zikaenda sambamba hadi mwisho, mpaka kati yao umenyooka kama uliopigwa rula. Mwenzetu mmoja akasema tuongeze kasi kidogo, maji yavurugike. Haisaidii. Namba ya Reynolds, inayolinganisha msukumo wa mwendo na unato wa kimiminika, hapo ilikuwa karibu 0.9, na kwenye bomba la kawaida vurugu huanza karibu na 2,000. Kinachobaki ni chembe kujisambaza zenyewe, na muda wake hukua kwa mraba wa umbali. Rangi ya chakula husambaa kwa takriban milimita za mraba 0.0005 kwa sekunde. Kuvuka nusu milimita kunataka sekunde 250 hivi. Kwa mwendo wa milimita 5 kwa sekunde, ungehitaji mfereji wa mita 1.25. Kioo cha hadubini kina milimita 75 tu.

Suluhisho ni kulaza mkondo mmoja juu ya mwingine badala ya ubavuni. Tuliweka selotepu mbili, kila mkono wa Y kwenye tabaka lake, na mikono ikakutana pale mifereji inapopandana. Sasa umbali ni milimita 0.1, muda sekunde 10, mwendo milimita 2.5 kwa sekunde kwa kuwa kina kimekuwa maradufu, urefu milimita 25. Tabaka zikipishana hata kwa milimita 0.3, pembeni hubaki ukanda wa kimiminika kimoja peke yake. Kwa hiyo toboa matundu mawili pembezoni na uzipange kwa pini. Mapovu nayo hupenda kukaa kwenye ngazi ya makutano. Pitisha spiriti kwanza, kisha maji yaliyochemshwa yakapoa.

Rangi zilipoingia, kijani kikatokea palepale kwenye makutano, watu wakapiga makofi. Dada mmoja wa maabara akauliza: “Jamani, tukitazama kutoka juu, si tunaona njano kupitia buluu?” Ndivyo ilivyokuwa. Kijani kile kingeonekana hata kama hakuna kilichochanganyika.

Tukabadilisha: fenofthalini, kiashiria kisicho na rangi kinachogeuka waridi kikikutana na soda, mkono mmoja, soda kali ya molari 0.01 mkono wa pili. Waridi hutokea pale tu vinapogusana, na pale inapoacha kukolea ndipo soda imevuka. Iliacha kwenye milimita 6 au 7. Lakini soda husambaa karibu mara nne ya rangi ile, hivyo kwa rangi ni kama milimita 25, sawa na hesabu. Kwa protini kama albumini, iliyo nzito zaidi na husambaa polepole, kioo kizima hakitoshi. Huko chonga sakafu ya mfereji mitaro ya mshazari yenye umbo la V lisilolingana, upande mrefu ukibadilishana kila baada ya mitaro kadhaa, kama Abraham Stroock na wenzake walivyoonyesha mwaka 2002. Mitaro hiyo huusokota mkondo na kuukunja tena na tena, hata bila vurugu.