Waliiba mtungi nikiwa nimelala ndani: taa za sensa kwenye karavani yetu

Mtungi wetu wa gesi wa kilo 6 hukaa mbele ya karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, juu ya kile chuma cha kuivutia. Kitanda nacho kiko upande huo huo. Kwa hiyo usiku walipokuja kuufungua, kichwa changu kilikuwa kama hatua moja kutoka mikononi mwao, katikati kukiwa na ukuta mwembamba wa alumini. Sikusikia kitu. Mzee wangu naye hakusikia kitu, ingawa asubuhi aliapa kwamba alisikia "kama paka". Walichukua pia viti viwili vya kukunja na sufuria iliyokuwa bado na ukoko wa ugali. Nililia kwa ajili ya mtungi, nikacheka kwa ajili ya sufuria.

Tulikuwa tumelala kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, njiani tukirudi Nairobi. Geti lilikuwepo, ua ulikuwepo, na soja alikuwepo mahali fulani. Taa ndiyo haikuwepo. Huku kwetu karibu na ikweta giza huingia mapema, Januari au Agosti, na ukilala nje una saa 12 hivi za usiku wa kukaa macho au kuamini watu.

Karavani yenyewe tuliinunua kwa familia iliyokuwa ikihama nchi. Watoto wa mtaa wetu wanaiita matatu isiyo na makanga. Tunaivuta kwa pikapu kwenda Naivasha, Nanyuki na Magadi, na siku nyingine zote inaegeshwa kwenye ploti tunapoishi.

Jumatatu iliyofuata nilishuka mjini, nikaenda Luthuli Avenue. Nilinunua taa nne za sola zenye sensa, yaani zinazojiwasha zenyewe zikihisi mtu, zile ndogo zenye sumaku mgongoni. Muuzaji alinionyesha jinsi zinavyonata kwenye mlango wa chuma wa duka lake, nami nikalipa nikiwa na furaha. Nilipofika nyumbani nikabandika ya kwanza. Ikaanguka. Ya pili, vivyo hivyo. Mwili wa karavani ni wa alumini, na alumini haishikwi na sumaku. Majirani wawili walikuwa wamesimama wakitazama, nami nikajifanya ninapima tu.

Nilizibandika kwa tepu ya pande mbili, tukaenda nazo Naivasha. Ilikuwa Julai, na jua la Nairobi mwezi huo ni la kuomba. Taa zilikuwa zimeshinda siku tatu chini ya mawingu, kwa hiyo kufikia saa saba usiku mbili zilikuwa zimekwisha moto. Hizo mbili zilizobaki afadhali nazo zingezima. Ziliwaka mtu alipoenda choo, paka alipopita, matawi ya mgunga yalipopepea, na hata kiboko aliyetoka ziwani kula nyasi ng'ambo ya uzio wa umeme. Asubuhi jirani wa hema la pili akaniuliza kwa upole, "Mama, jana hapo kwako kulikuwa na disko?"

Ubaya wa taa inayowaka kila saa ni kwamba wewe mwenyewe unaacha kuiamini. Kufikia saa tisa nilikuwa nimevuta blanketi hadi usoni. Kama mwizi angekuja wakati huo, ningemmulikia kazi yake.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Luthuli, kijana mpole asiye na haraka ya kuuza. Alichukua taa, akanionyesha kile kikombe cheupe cha plastiki. "Hiki hakioni, mama. Kinahisi joto linalosogea." Akaniambia nisimame na taa, kisha akanijia moja kwa moja, polepole. Taa ilitulia mpaka akawa karibu kunigusa. Halafu akarudi mbali, akakatiza mbele yangu kutoka kushoto kwenda kulia. Ikawaka papo hapo. Kile kikombe hugawanya eneo vipande vipande, na sensa hushtuka joto linapotoka kipande kimoja kuingia kingine. Anayekuja usawa wa pua ya sensa anakaa ndani ya kipande kimoja kwa muda mrefu.

Mimi taa zangu nilikuwa nimezielekeza pale ambapo mwizi angetokea, zimtazame usoni. Tulizihamishia kwenye kona, zitazame kandokando ya ukuta, ili mtu yeyote anayeelekea mlangoni au kwenye mtungi lazima azikatize. Urefu ni kama mita 2, zikiinamishwa chini, zisione barabara wala hema la jirani. Upande wa miti fundi alikata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akaziba robo ya kikombe. Ile robo ndiyo iliyokuwa ikinikosesha usingizi. Nilimwuliza pia kama ninaweza kuficha taa moja ndani ya dirisha isiibwe. Akatikisa kichwa: kioo cha kawaida huzuia joto hilo, sensa ingekaa kipofu.

Sola tukaachana nazo. Nilinunua taa mbili za LED zenye sensa, za volti 12, wati 10 kila moja, zikaunganishwa kwenye betri ya karavani kupitia fyuzi iliyokaa karibu na betri yenyewe. Mzee aliogopa kwamba tungeamka betri imekufa, basi tukapiga hesabu juu ya bahasha. Wati 10 kwa volti 12 ni chini ya ampea 1. Taa ikiachwa usiku kucha hula ampea-saa 10 hivi (ampea mara saa inazowaka). Ikiwaka mara 20 kwa nusu dakika, hiyo ni dakika 10 tu, haifiki hata ampea-saa 0.2. Mzee alinyamaza, na kwake kunyamaza ni kukubali. Tulichagua mwanga wa manjano badala ya mweupe kwa sababu wadudu huufuata kidogo. Wadudu wakija, buibui naye huja kutega, na buibui akitembea juu ya kikombe taa huwaka kama amekuja jitu.

Karibu na kitanda kuna swichi ya kuzima zote tunapokuwa barabarani. Juu yake kuna kitu ninachokipenda kuliko taa zenyewe: vitaa viwili vyekundu, vidogo kama punje ya mahindi, kila kimoja kimefungwa kwenye waya wa taa yake ya nje. Taa ya mtungi ikiwaka nje, kitaa cha kushoto kinawaka ndani. Najua upande gani kabla sijainuka, na siwashi taa ya ndani. Ukiwasha ya ndani, wewe huoni nje, na aliye nje anakuona hadi nguo ya kulalia.

Magadi ilitutia adabu kidogo. Jioni ya kwanza hewa ilikuwa ya moto karibu sawa na ngozi yangu, nami nilitembea mbele ya sensa kama mzimu, ikanipuuza hadi nilipokuwa hatua chache tu. Mwili usipopishana sana na hewa kwa joto, sensa haina cha kushika. Tangu hapo, tukiwa sehemu za joto, mtungi unaingia chini ya meza usiku, valvu ikiwa imefungwa na mpira umechomolewa, dirisha likiwa wazi. Mlangoni tunapanga sufuria mbili za bati, moja juu ya nyingine.

Tukiwa nyumbani, karavani ikiwa imeegeshwa kwenye ploti, huwa nalala humo wikendi watoto wa dada yangu wakijaza nyumba. Wiki za kwanza kitaa cha kushoto kilikuwa kikiwaka kila baada ya saa moja hivi, nami nikichungulia pazia naona ni soja wetu akizunguka na rungu lake. Nikazoea kumhesabu: mara saba, mara nane, mpaka alfajiri. Jumamosi moja sikuona chekundu tangu saa tano hadi saa tisa. Nilitoka na tochi, nikamkuta kwenye kiti cha plastiki, amejifunika shuka hadi masikioni, redio inaongea peke yake.

Sikumwamsha. Asubuhi nilimpelekea chai ya maziwa na mandazi mawili, nikamwambia tu, "Kaka, pole na baridi ya jana." Akanitazama, akatazama taa pale kwenye kona, akarudi kunitazama. Usiku uliofuata nilihesabu mara kumi na moja.