Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye ninayekutumia zile meseji

Nikisema kazi yangu ni kutuma meseji za afya, mifugo na hali ya hewa kwa watu wa kipato cha chini, watu hucheka. "Yaani unalipwa kwa kubonyeza 'tuma'?" Basi hii hapa Jumanne yangu nzima. Nilibonyeza mara mbili.

Saa 12 asubuhi. Kabla sijanawa uso nafungua ripoti ya usiku: zilizofika, zilizokwama, zilizokataliwa. Nyingi ya zilizokwama hazina kosa lolote, ni simu tu imezimika chaji na mwenyewe anasubiri kuipeleka kwa mwenye umeme. Meseji humngoja mtandaoni, lakini ikipitiliza muda wake inafutika. Ndiyo maana onyo la mafuriko hatulitumi mara moja tukalala.

Saa 2, kikao. Kilikuwa kirefu, sina la kusimulia.

Saa 3, daktari wa mifugo kaniletea maandishi: ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka zipite siku zote alizotajiwa mfugaji. Ujumbe safi, ila una herufi 212. Meseji moja inabeba 160, kipimo alichokipendekeza mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand katikati ya miaka ya 1980, na nukta na nafasi zinahesabiwa pia. Nikakata, nikapangua, nikafika 154. Nikabandika kwenye mfumo. Mfumo ukasema: meseji 3.

Tatu! Nikahesabu upya kwa kidole kwenye kioo, 154. Nikafuta neno, bado tatu. Nusu saa nzima, chai imepoa, ndipo nikamwona mchawi: kile kialama cha "ng'ombe". Daktari aliandika kwenye kompyuta, nayo ikakipinda kidogo kama mkia. Kilichonyooka kimo kwenye herufi za kawaida za simu, kilichopinda hakimo, na kikiingia kimoja tu meseji nzima inahamishiwa mfumo mwingine wa herufi wenye nafasi 70. Gharama mara tatu, kwa maelfu ya watu, kwa sababu ya mkia wa ng'ombe. Nikaunyoosha. Nikatuma.

Kuanzia saa 5 nakaa kwenye simu. Watu wanabipu, sisi tunapiga, kwa hiyo salio lao haliguswi. Asiyesoma tunampa sauti iliyorekodiwa. Mama mjamzito tunamuuliza kwanza simu ni ya nani, maana si kila mtu ana simu yake, na habari za mimba haziwahusu wote wanaoishika.

Halafu akabipu mzee mmoja.

"Binti, pesa yangu mnaituma lini?"

"Pesa gani, mzee wangu?"

Kumbe matapeli wamemtumia meseji kwamba ameshinda zawadi, atangulize ada ndipo aipate. Alikuwa hajatuma bado. Nikamwambia ni wezi, afute. Akanyamaza, kisha akasema, "Juzi mliniambia habari ya kupe, ikawa kweli. Simu ni hiihii. Leo iwe uongo kwa nini?"

Nijibu nini hapo? Tumejenga imani kwa meseji, na mwizi anapita mlango uleule. Nikaanza kumweleza namba yetu ni ipi, simu ikakatika. Nikapiga. Akamwita mjukuu anisomee ile meseji ya matapeli, mtoto akasoma herufi moja moja mpaka mwisho, na mzee akarudia kila neno kwa sauti kubwa zaidi. Ikakatika. Nikapiga. Akataka kuongea na mkubwa wangu. Mkubwa hayupo. Nikasema sisi hatuombi pesa wala namba ya siri, hata siku moja. "Na wao wamesema hivyohivyo," akanijibu, na kweli, mjukuu alikuwa ameisoma: usimpe mtu namba yako ya siri. Dakika 47. Mwisho akasema ataendelea kufikiri.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Niliendelea kupokea, sauti ikianza kukwaruza. Majibu ya meseji ya asubuhi yakamiminika: "Sawa." "Wewe nani?" "Nipigie." Mmoja alituma nukta tu. Kisha mwanamke mmoja akauliza, "Na nikiyachemsha?" Nikaona aibu. Akili zote nilizielekeza kwenye kialama, nikalisahau swali ambalo kila mwenye sufuria angeliuliza. Wengine tisa wakauliza hilohilo. Nikampigia daktari, akathibitisha, nikaandika: kuchemsha hakuondoi dawa kwenye maziwa, subiri siku ziishe. Nikakagua vialama vyote. Nikatuma. Hiyo ndiyo ya pili.

Giza lilishaingia, nimebeba mkoba, taa ya simu ikawaka. Ni mzee. Ningeweza kumwachia wa zamu ya usiku, lakini nikapiga.

"Binti, nimefuta. Na jirani alikuwa nayo, nimemfutisha."

"Asante sana, mzee wangu."

"Ila nikuulize." Akashusha sauti, sijui alikuwa anamficha nani. "Hiyo zawadi, kwenu nyinyi, haipo hata kidogo?"