Nilivyosoma Takwimu kwa Masikio

Nilipopoteza uwezo wa kuona nikiwa mwaka wa pili chuoni, sikuwa nimewahi kujifunza nukta nundu, na vidole vya mtu mzima huchukua muda mrefu kuzoea kutofautisha nukta sita zilizobanana. Kwa hiyo nilianza na kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kompyuta. Nilichagua NVDA, programu isiyolipiwa ambayo Michael Curran, naye asiyeona, alianza kuitengeneza nchini Australia mwaka 2006, kwa sababu niliweza kuipakua siku ileile bila kuomba idhini ya mtu yeyote. Wiki za kwanza zilikuwa za kujifunza kibodi upya: H kuruka hadi kichwa cha sehemu inayofuata, T kutafuta jedwali. Sauti niliyoikuta ilikuwa ya Kiingereza, na iliposoma barua ya mama ya Kiswahili nilicheka hadi nikaizima. Baadaye niligundua kwamba sauti ya Kiswahili ilikuwemo humohumo tangu mwanzo.

Nilidhani hapo nimemaliza, kumbe kikwazo kikubwa kilikuwa katika mafaili yenyewe. Maelezo ya somo la takwimu yalikuwa yamepigwa skana, na ukurasa wa namna hiyo kwa kompyuta ni picha tu, hata kama umejaa maneno, hivyo kisoma skrini kilipoufikia hakikuwa na la kusema. Nilijaribu kipengele cha kutambua maandishi yaliyomo kwenye picha, ambacho NVDA hukifungua kwa Insert pamoja na R. Sentensi zilitoka vizuri, lakini fomula ziliharibika: x kwa kipeo cha pili ikawa "x2", na mstari wa sehemu ukatoweka, kiasi na asili zikasomwa mfululizo kama namba moja. Nilifanya zoezi zima la variansi, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake, nikizidisha kila tofauti kwa 2 badala ya kuizidisha kwa yenyewe, na kila jibu likawa sifuri, kwa kuwa tofauti za namba na wastani wake zikijumlishwa hufutana. Sifuri hizo ndizo zilizonistua, maana makosa mengine yangepita bila mimi kujua.

Nilimwendea mhadhiri nikiwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu kuhusu haki za wanafunzi wenye ulemavu. Sikuihitaji. Nilipomweleza kwamba ninachotaka ni faili aliloliandika kabla ya kulichapisha, alinitumia yote jioni hiyo. Alikuwa ameyaandika kwa LaTeX, mfumo wa kuandaa hati kwenye kompyuta, ambamo fomula huandikwa kwa herufi na alama za kawaida katika mstari mmoja: kipeo hutanguliwa na alama yenye umbo la paa la nyumba, na sehemu huandikwa kwa amri moja inayofuatwa na kiasi, kisha asili, kila kimoja ndani ya mabano yake. Hata hivyo, mwanzoni sikuzisikia alama nyingi kati ya hizo, kwani kisoma skrini huzipita kimya ili usomaji wa kawaida usichoshe. Ilinibidi kupandisha kiwango cha alama zinazotamkwa kwa Insert na P. Usikivu wa namna hiyo unachosha kweli, na fomula ndefu niliisikiliza mara nne au tano, lakini nilichosikia kilikuwa sahihi.

Michoro ndiyo iliyobaki. Mwanafunzi mwenzangu alinibandikia uzi wa sufu juu ya kadibodi kufuata mchoro wa mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, nikaupitia kwa kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilipofika mwisho nilimwambia kwamba amekosea, kwa sababu mkia haupaswi kuugusa mhimili wa chini. Aliubandua uzi, akaanza upya.