Upande wa kulishia

Tangu Jumapili nina neno moja la Mama kichwani na halitaki kutoka. Si tusi wala karipio. Ni neno moja tu, alilisema akinirudishia simu, kisha akageukia mambo mengine.

Tulikuwa kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge kupalilia kaburi la Babu kabla mvua hazijaanza. Wakati wa kurudi nilichepuka hadi kiwandani kuiona tena ile korona ya mkonge ninayoisema hapa kila mara, mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge. Mama alibaki barabarani na Zawadi. Magoti hayamruhusu siku hizi.

Ilikuwa nzuri, nzuri kweli. Paa halipo, mabati mengine yameoza na mengine yamebebwa. Utomvu wa mkonge una asidi, kwa hiyo vyuma vyembamba viliisha mapema. Kilichobaki ni chuma cha kusubu, kizito, kisicho na haraka ya kwenda popote. Kutu yake si rangi moja. Penye jua ni ya udongo mwekundu, chini ya ngoma ni nyeusi, na pale maji ya mvua yanapotiririka kuna mfereji wa rangi ya chungwa uliopakana na kuvu la kijani. Nyuki wamehamia ndani ya sanduku la gia. Wanaingilia tundu dogo la kutilia mafuta, mmoja mmoja, wakipishana mlangoni. Upupu umefunika reli za toroli. Nyuma yake mkonge uliosahauliwa umetoa milingoti mirefu juu ya vichaka, na nyuma zaidi milima ya Usambara, buluu.

Nilikaa pale hadi Zawadi akapiga simu mara mbili. Watu huniuliza napata nini kwenye vyuma chakavu. Napata mashine isiyomwamuru mtu. Ile ngoma ilizunguka na visu vyake butu, ikikwangua nyama ya jani ili ibaki singa, yaani nyuzi, na singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani; kilichobaki chote ni maji na makapi yenye harufu kali. Ili ipate hizo 4 ilitaka majani kutwa, na mikono ya kuilisha kutwa. Leo ndege chozi anatua juu yake. Naipenda hivyo ilivyo, na wanaokuja kuipigia hesabu ya kilo siwapendi, hata wanaotaka kuikwangua na kuipaka rangi ya fedha iwekwe mjini siwapendi.

Basi kwenye gari nikampa Mama simu aone picha. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

“Hii umepiga ukiwa umesimama upande gani?”

“Upande huu wenye mti, Mama. Mkuyu umeota pale, mkubwa.”

“Sikuulizi mti, mwanangu. Upande wa kulishia au upande wa kutokea singa?”

“Sijui, Mama. Nilisimama penye kivuli.”

“Kivuli,” akasema. Akanirudishia simu.

Hilo ndilo neno. Wiki nzima nimelisikia kwa sauti tofauti. Jumatatu lilikuwa la kuudhika. Jumanne, nikisimamia mtihani, nilihisi alikuwa anacheka. Usiku wake nikadhani ni uchungu: mimi nimekwenda kutazama rangi za kutu mahali ambapo baba yake aliacha ujana. Babu alikuja miaka ya 1950 akitokea Kasulu, manamba, mtu wa mkataba na kipande, ile kadi ya kazi, na kipande hakijai mpaka kazi za siku 30 zitimie. Mkonge wote ule ulianza na miche 62 tu iliyobaki hai, Dk. Richard Hindorf alipouleta kutoka Florida mwaka 1893. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zikaja kamba za nailoni, bei ikaanguka, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na baadaye kiwanda kimoja kimoja kikanyamaza. Hayo ninayafundisha darasani kila mwaka. Upande wa kulishia sijawahi kuufundisha, maana haumo kitabuni.

Mahari ya Zawadi ilipokelewa Jumatano, mkuu mpya wa shule akaripoti, na mimi bado niko na kivuli.

Alhamisi jioni Mama alikuwa anachagua mchele. Hakunitazama. “Lete ile picha,” akasema. Nikampa. “Reli inaishia wapi?” Nikaikuza kwa vidole, nikafuata upupu mpaka zile reli mbili zinapozama kwenye mizizi ya mkuyu.

“Basi ndipo hapo,” akasema. “Toroli inamwaga majani hapo, wanayatandaza, anayelisha anasimama hapo. Kulikuwa hakuna kivuli pale. Bati lilikuwa juu, lakini joto lake lilikuwa lilelile la jua. Nikimletea chakula nasimama nje, maana ukiita husikiki. Ananionyesha mkono hivi.” Akauinua mkono, vidole vimefunguka, punje za mchele zimeng’ang’ania kiganjani. “Maana yake weka, ondoka.”

Akaikuza picha mwenyewe, jambo ambalo sikujua analiweza. Alikaa sana kwenye lile tundu la mafuta.

“Hawa ni nyuki?”

“Nyuki, Mama. Wamo ndani ya gia.”

“Baba angewarina,” akasema, akacheka mpaka ungo ukatikisika. “Muha yule! Asingelala. Angekwenda usiku na kinga cha moto.” Akataka nimsafishie picha hiyo, kubwa, aitundike sebuleni karibu na ya harusi yake. Nimeshaipeleka mjini. Sijaona Mama akicheka hivyo tangu msiba wa mjomba.

Sasa kinachoninyima usingizi ni mbuzi wa shughuli ya Zawadi. Tangu jana hali majani, tumbo limejaa upande mmoja, na daktari wa mifugo anasema hawezi kufika kabla ya kesho mchana.