Kubadilisha reli ya demani kwenye mashua ndogo

Wenye mashua za tanga hapa Goma: kama kigari cha demani (kamba ya kuongozea tanga), kile kinachotembea juu ya reli, kinakwama kila upepo ukikaza, grisi haitasaidia. Vile vya kuteleza tu vinauma reli vikivutwa juu. Weka chenye gololi.

Mashua ya mita 5, reli ya mita 1 inatosha. Matundu yake yako kila milimita 100. Yote yatiwe bolti za inoksi (chuma kisichoshika kutu) za milimita 5 zinazopenya sitaha, si skrubu za mbao. Chini weka bamba la aluminiamu la milimita 4, la sivyo rondela (washa za bolti) zitazama kwenye mbao taratibu. Hapo ndipo wengi wanabania pesa. Sitaha yenye mgongo isawazishwe kwanza kwa vipande vya mbao ngumu, maana reli ikipinda gololi zinabana.

Kile kipande cha plastiki ndani ya kigari usikichomoe. Ukiingiza kigari, reli yenyewe ikisukume nje, ama gololi zote zitamwagika ziwani. Vizuizi vya miisho fungeni papo hapo.

Usipake grisi, inakamata vumbi jeusi la volkano. Osha kwa maji tu.

Upepo mdogo, vuta kigari upande wa joshi (unakotoka upepo). Ukija wa ghafla, legeza kigari kwanza, demani baadaye.