Ninavyoilaza mashine ya theluji kila Mei

Hapa Minnesota theluji huweza kuanguka hata Aprili, kwa hiyo mashine ya kuiondolea sina haraka ya kuifungia. Nangoja Mei iingie. Yangu ni ya petroli, ile yenye skrubu pana mbele inayokomba theluji, na feni nyuma yake inayoirusha pembeni. Ikigoma kuwaka Novemba watu husingizia baridi. Baridi ya watu haina kosa: mashine hizi huharibika kiangazi, zimesimama tu.

Mchawi wake ni petroli. Inayouzwa hapa kwa kawaida ina ethanoli kama asilimia 10, na ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Ikikaa miezi inachacha, na kinachobaki ni utomvu unaoziba vitundu vya kabureta, ambavyo hata sindano ya kushonea haipenyi vizuri.

Wengi hutia dawa ya kutunza petroli, kisha wakaiungurumisha mashine dakika chache ili dawa ifike hadi kwenye kabureta. Njia hiyo inafaa, sibishani nayo. Mimi nakausha. Aliyenishawishi ni jirani yangu, mzee wa Tabora aliyekuwa fundi pikipiki. "Mwanangu, mafuta yasiyokuwemo yatachacha vipi?" Nikamjibu, "Haya mzee, nishikie tochi."

Basi navuta petroli kwa pampu ya mkono, inaingia kwenye dumu lake. Mashine naisukuma nje, naiwasha, naiacha mpaka inazima yenyewe. Nasisitiza nje kabisa, maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na kuacha tu mlango wa gereji wazi hakutoshi. Ikishapoa kiasi nalegeza bolti chini ya kikombe cha kabureta, tone lililobaki linadondoka. Oili naimwaga injini ingali na uvuguvugu, inatoka na uchafu wake wote, natia mpya ya 5W-30, oili nyepesi ifaayo baridi. Plagi naifungua, naweka kijiko cha oili kwenye tundu lake, navuta kamba taratibu ili silinda isishike kutu. Plagi narudisha, waya wake nauacha umechomolewa.

Kazi ninayoona wengi wanairuka ni ya zile pini za skrubu. Pini hizi zimetengenezwa makusudi zikatike skrubu ikigonga jiwe, ili giaboksi ipone. Sasa, kutu ikiigandisha skrubu kwenye shafti yake, pini hata ikikatika haisaidii kitu, kishindo chote kinakwenda kwenye giaboksi, na bei yake hutaipenda. Kwa hiyo nazing'oa pini, nasukuma grisi, kisha naizungusha skrubu kwa mkono mpaka izunguke peke yake huku shafti imetulia. Na usibadilishe pini kwa bolti yoyote iliyokuwa droo. Bolti ngumu haikatiki, kwa hiyo hapo hakuna kinga tena.

Mkono naingiza huko kwa sababu plagi haina waya na hakuna theluji iliyokwama. Wakati wa baridi mambo ni mengine: hata injini ikiwa imezimwa, feni iliyobanwa na theluji huweza kuruka pale unapoikwamua, na vidole vikaenda. Natumia kijiti chake tu.

Mahali pa kuiweka pia nachagua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na tangi lililokaushwa bado lina mvuke. Gereji yangu ina hita ya maji yenye mwali mdogo usiozimika, kwa hiyo mashine inakwenda banda la uani. Naifunika turubai la kitambaa. Nailoni hufungia jasho ndani, ikaleta kutu.

Oktoba naanza kwa kukagua chini ya kava la injini, panya hupenda kujenga makazi humo. Halafu petroli mpya, waya wa plagi, upepo wa matairi. Pini za akiba nazifunga kwenye mpini, maana zikikatika huwa ni usiku, duka limefungwa.