Daftari la mrina asali lilivyotupatia ruzuku

Mimi ni katibu wa kikundi cha warina asali wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Ninaandika haya kwa sababu nimechoka kusikia wenzetu wakiambiwa kwamba fedha za mabadiliko ya tabianchi zimejaa tele, na kwamba kinachotakiwa ni Kiingereza kizuri na mtu unayemjua Dodoma. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, na Dodoma nilikuwa namjua mama ntilie mmoja tu wa jirani na stendi. Ruzuku tumeipata.

Tuliipata, hata hivyo, katika jaribio la pili, na la kwanza sina budi kulieleza vizuri kwa kuwa aibu yake ni yangu. Mshauri mmoja aliyejitambulisha kuwa bingwa wa maandiko ya miradi alitutoza milioni moja na ushei, huku akisisitiza kwamba ametupunguzia kwa huruma. Baada ya wiki tatu alituletea andiko la kurasa tisini hivi, jalada lake likiwa na picha ya rangi ya mashua iliyotweka tanga. Mashua ile ingetosha kunishtua, lakini mimi ndiye niliyelipigia debe andiko hilo kikao kizima, na ndiye niliyelituma kwa barua pepe usiku huohuo, nikiomba dola milioni mbili moja kwa moja kutoka Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, wenye makao yake Songdo, Korea Kusini. Siku nne baadaye mjumbe wetu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye husoma kila karatasi hadi mwisho, alifungua ukurasa wa thelathini na kitu na kuniuliza kwa upole, “Katibu, bahari imefika Sikonge lini?” Andiko lilikuwa likiahidi kwamba wavuvi wa Sikonge watarejesha mikoko iliyoharibiwa na kupanda kwa kina cha bahari. Kutoka kwetu hadi pwani kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800. Mpaka leo kuna watu wanaoniita Nahodha.

Nilianza kuelewa nilipopata nafasi, kupitia halmashauri, ya kuhudhuria mafunzo ya siku chache Dodoma. Huko nilijifunza jambo ambalo mshauri wetu ama hakulijua ama hakutaka tulijue: Mfuko ule hutoa fedha kupitia taasisi zilizopewa ithibati, yaani zilizokaguliwa na kukubaliwa nao, na kila nchi ina mamlaka iliyoteuliwa ambayo lazima itoe barua ya kutokuwa na pingamizi. Kwetu mamlaka hiyo ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Benki ya CRDB ilipata ithibati ya Mfuko huo mwaka 2019, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lilikuwa limepata ya Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2017. Kikundi kama chetu kina mlango wake, nao ni Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza mwaka 1992 chini ya uratibu wa Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP), ambayo kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja. Sisi tulikuwa tumebisha lango kuu kwa bwana mkubwa, na hodi yetu ilikuwa uani.

Mwezeshaji mmoja wa mafunzo aliniuliza swali lililonikosesha usingizi: asali yenu inapungua kwa sababu ya tabianchi, au kwa sababu ya shoka zenu? Ni swali la haki. Tabora tunakausha tumbaku kwenye mabani kwa kuni za miombo, na mkaa tunauchoma. Anayeandika kwamba kila mti uliopotea umechukuliwa na ukame anajidanganya, na msomaji wa andiko hamwamini tena kuanzia hapo.

Jibu nililipata kwa mzee mmoja wa kikundi chetu, mwenye daftari alilolifunga ndani ya mfuko wa mbolea. Tangu mwaka 1987 alikuwa akiandika mambo matatu tu: siku ya mvua ya kwanza, siku aliyouona mti wa muba ukichanua, na idadi ya ndoo za asali alizorina. Mwaka mmoja umeandikwa kwa penseli ya seremala, mwingine una alama ya kidole chenye asali, na kurasa zake mbili zimegandana hadi leo. Kuliazima alikataa katakata. “Mwanangu, karatasi haziendi mjini, wewe ndiye uje.” Kwa hiyo nilikaa siku mbili chini ya mwembe wake, nikinakili, naye akinisahihisha bila hata kulitazama daftari.

Kisha tuliomba takwimu za mvua za kituo cha Tabora kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, tukazipanga sambamba na ndoo za mzee. Miaka yake mibaya iliangukia miaka mibaya ya kituo, isipokuwa miwili. Wenzangu walitaka tuifute. Nilikataa, na huo ndio ujanja ninaojivunia: tuliiacha, tukaeleza kwamba mwaka mmoja moto uliteketeza mizinga na mwingine mzee alilazwa hospitalini. Waliokuja kutukagua waliuliza habari za miaka hiyo miwili kuliko kitu kingine chochote.

Usajili na akaunti ya benki tulikuwa navyo. Mchango wetu tuliuhesabu kwa mizinga, siku za kazi na ardhi, wala hakuna aliyetucheka. Andiko lilikuwa na kurasa kumi na nne.

Linaloniudhi ni kwamba ofisa niliyesoma naye Dodoma alihamishiwa mkoa mwingine mwezi uliofuata, na kabrasha lake akaondoka nalo. Tunaita hiyo kujenga uwezo wa taifa. Ndiyo maana mafunzo yangu nimeyanakili mara tatu, na vikundi viwili vya Urambo na Kaliua vimeshaniletea maandiko yao niyapitie. Sitozi. Ninaanza kwa kutafuta bahari.

Fedha zilipoingia nilimpelekea mzee madaftari matatu mapya yenye jalada gumu. Alishukuru, akayaweka kando, kisha akafungua mfuko wa mbolea na kuhesabu kurasa za lile la zamani mbele yangu.